Mtoto hana ushirikiano

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, hata wengine mkaniandikia kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa kwenye shughuli za hospitali, mara Tabora mara Dar, na leo nataka kuzungumzia maneno matatu niliyoyakuta kwenye faili la mpwa wangu wa miaka tisa: "Mtoto hana ushirikiano." Yameandikwa kwa kalamu ya bluu, haraka haraka, chini ya karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Aliyeandika aliweka nukta, akafunga faili, akaita anayefuata.

Nianzie nyumbani. Dada yangu anaishi Tabora mjini. Wengi wenu Tabora mnaijua kwa miembe ya njia ya misafara, kwa asali, na kwa lile tembe la Kwihara walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mimi kuna habari nyingine ya njia ile inayonichekesha kidogo. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwezi Novemba. Walipoendelea magharibi macho ya Speke yaliharibika kiasi kwamba Februari 1858, walipolifikia Ziwa Tanganyika, aliambulia ukungu na mng'ao tu. Mtu katembea miezi yote hiyo kwenda kuona ziwa, kafika, haoni! Lakini angalau yeye alijua kwamba haoni, na alikuwa na wa kumwambia.

Mpwa wangu hakujua. Huyu ni mtoto mchangamfu, mpenda mpira, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Nyumbani walikuwa wakisema ana mapepe. Akipita mlangoni, bega la kushoto linagonga fremu. Kikombe kikiwekwa kushoto kwake, hesabu kimeshamwagika. Kwenye chandimu wenzake walishamgundua, wakawa wanampita upande wa kushoto kama hayupo. Mwaka juzi aligongwa na baiskeli iliyotokea upande huo huo, akatoka na mshono kwenye nyusi, na aliyekaripiwa ni yeye. "Huangalii unakokwenda!" Sote tulimwambia hivyo. Na mimi nilimwambia, kwa simu, nikiwa nimekaa ofisini.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa akisoma sentensi kuanzia katikati. Kitabu kinasema "Baba hajarudi kutoka shambani", yeye anasoma "kutoka shambani". Ubaoni imeandikwa 352, daftarini kwake ipo 52. Mwalimu akaamua kwamba huyu ni mvivu, tena mjeuri, kwa sababu akisimamishwa na kuambiwa arudie anarudia vile vile. Akachapwa. Siandiki haya ili kumsema mwalimu huyo, darasa lake lina watoto ambao hata kuwahesabu ni kazi. Naandika ili ujue kwamba mtoto alikuwa anapigwa kwa sababu ya herufi ambazo kwake hazikuwepo.

Sasa, kabla hujasema "si angepimwa macho tu", alipimwa. Walikuja watu shuleni na ile chati ya herufi E, mtoto anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Akapita vizuri kuliko wenzake. Macho mazima kabisa, wakasema. Na kusema kweli walichopima kilikuwa kizima.

Hapa ndipo mimi mwenyewe, mwandishi wa habari niliyesoma mpaka chuo kikuu, nilikuwa sijui kitu. Hebu fanya hivi: kazia macho neno moja kwenye skrini yako, usiyahamishe. Neno hilo unalisoma kwa ukali. Lakini bado unajua kuna kikombe pembeni, kuna mlango, kuna mtu anapita. Huwasomi, ila unajua wapo. Eneo lote hilo unalolipata bila kuhamisha macho ndilo wataalamu wanaloliita uwanja wa kuona. Kwa mtu mzima wa afya, kwenda upande wa sikio linafika nyuzi tisini au zaidi kidogo, kwenda juu kama sitini. Chati ya E inauliza habari za neno lile moja la katikati. Ya mlango na anayepita haiulizi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amepoteza nusu ya dunia na bado akaondoka na alama zote kwenye chati.

Na mtoto halalamiki. Hili lilinichukua muda kulielewa. Tunadhani asiyeona upande mmoja anaona weusi upande huo, kama pazia. Hapana, haoni weusi. Haoni chochote, kama wewe usivyoona chochote kilicho nyuma ya kisogo chako sasa hivi. Je, unalalamika kwamba nyuma ya kisogo kuna giza?

Aliyegundua ni daktari mmoja kijana, pale pale Tabora, ambaye mtoto alipelekwa kwake kwa kikohozi. Akaona mtoto anageuza kichwa kila akitaka kumwangalia mama yake aliyekaa kushoto. Akavuta kiti, wakakaa magoti kwa magoti, akamwambia aangalie pua yake na asiiache. Kisha akachezesha kidole upande wa kulia wa mtoto. "Kipo!" Upande wa kushoto. Kimya. Akakisogeza polepole kuelekea katikati, mtoto bado anaitazama pua kwa utii wote, mpaka kidole kilipokaribia pua ndipo akashtuka, "Ah, kipo!" Zilipita kama dakika mbili. Dada yangu anasema alianza kulia kabla daktari hajasema neno.

Wakapewa barua ya kuja Dar es Salaam, kupigwa picha ya kichwa na kupimwa kwenye mashine. Basi likaondoka Tabora alfajiri, usiku nikawapokea.

Mashine yenyewe ni hivi. Kuna bakuli kubwa jeupe limesimama wima, kubwa kiasi cha kuingiza uso. Unaweka kidevu mahali pake, jicho moja linafunikwa, unakazia macho taa ndogo ya njano katikati. Kisha kompyuta inarusha vimwanga huku na huku ndani ya bakuli, kimoja kimoja, kila kimoja kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Ukikiona unabonyeza kitufe. Mwishoni inatoa ramani: palipo peupe unaona vizuri, palipo peusi huoni. Na ina akili ya askari. Inanyamaza makusudi ione kama utabonyeza hovyo. Inarusha mwanga kwenye lile doa ambalo kila jicho halioni, pale mishipa inapotokea kwenda kwenye ubongo, na ukibonyeza inajua umehamisha macho. Inaandika yote hayo pembeni mwa karatasi.

Kwa mtu mzima ni kazi ya dakika chache kwa kila jicho, na wengi wanasema inachosha. Sasa mweke mtoto wa miaka tisa, aliyesafiri kutwa nzima, kwenye kiti cha mtu mzima, miguu inaning'inia. Chumba chenye giza. Mama kaambiwa asubiri nje kwa kuwa chumba ni kidogo. Maelekezo aliyopewa yalikuwa sentensi mbili: tazama taa ya njano, ukiona mwanga bonyeza. Mpimaji akarudi mezani kwake kujaza fomu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, ndiyo maana naweza kuyasimulia.

Kuna jambo moja ambalo hakuambiwa, nami nililijua baadaye sana. Vimwanga vingi mle ndani havionekani. Havionekani na mtu yeyote! Mashine inatafuta kile kimwanga hafifu kuliko vyote ambacho jicho lako linaweza kukipata, kwa hiyo inapunguza na kupunguza mpaka unashindwa, kisha inarudi juu kidogo, halafu inakwenda sehemu nyingine. Hata mwenye macho kama ya tai atakosa karibu nusu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Mtu mzima asiyeambiwa hili hutoka akiwa na wasiwasi. Mtoto asiyeambiwa, tena mtoto aliyechapwa miaka miwili kwa kosa la kuona vibaya, anafanya nini? Anangoja apate uhakika. Anaona kitu kama mwanga, anasita, je, nikikosea? Kimepita. Kingine kimepita. Nilikiona kidole chake kimetulia juu ya kitufe, kinatetemeka, hakibonyezi.

Karatasi ikatoka nyeusi karibu yote. Ndipo yakaandikwa yale maneno matatu.

Nilitaka kugombana. Dada yangu akanishika mkono, na kwa heshima yake nikanyamaza. Ijumaa ya wiki ile ile wakaturudisha, na safari hii tulimkuta nesi wa makamo ambaye jina lake sitalitaja, ingawa ningependa kulibandika hapa kwa herufi kubwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kreti tupu la soda na kuliweka chini ya miguu ya mtoto. Kitu cha pili akamwita mama aingie. Kisha akachuchumaa.

"Babu, kwenu Tabora kuna vimulimuli?"

"Wapo."

"Basi humu ndani nimewafungia vimulimuli. Wewe mwangalie huyu mkubwa wa njano, asikutoroke. Wengine watawaka pembeni. Ukimwona mmoja, hata kama huna hakika, bonyeza. Usimfukuze kwa macho, ukimfukuza anazima. Na wengi watakupita, hata mimi wananipita, wamefanywa wadogo mno makusudi. Hakuna anayewapata wote. Sawa?"

"Nikikosea?"

"Ukikosea, kimulimuli anacheka. Basi."

Akakaa kando yake muda wote, mkono mgongoni. "Ehe. Vizuri. Huyo mkubwa bado unamwona? Safi." Akachagua kipimo kifupi. Jicho la kwanza lilipokwisha akasimamisha, mtoto akatoka nje akala karanga, akarudi kwa jicho la pili. Zikatoka karatasi mbili. Daktari akaziweka pamoja mezani na hata mimi nisiyejua kitu nikaona: katika zote mbili, nusu ya kushoto nyeusi tii, nusu ya kulia nyeupe, na mpaka kati yake umenyooka kama umepigwa kwa rula. Macho mawili yakipoteza upande ule ule, daktari akatueleza, tatizo haliko kwenye macho, liko nyuma yake, upande wa kulia wa ubongo. Picha ya kichwa ikaonyesha kovu la zamani. Alipokuwa na miaka miwili alipata malaria kali, degedege, siku mbili hajitambui. Daktari hakuapa kwamba ndiyo chanzo, ila alisema ndivyo inavyoelekea.

Mtoto yule yule, mashine ile ile, wiki ile ile. Mara ya kwanza hana ushirikiano, mara ya pili ramani safi. Ushirikiano ulikuwa wa nani hasa uliokosekana?

Nimesoma sana tangu hapo, kama mnavyonijua nikishikwa na jambo. Bakuli hili si la jana. Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, alitoa lake mwaka 1945, na lile halikuwa na kompyuta. Mpimaji aliusogeza mwanga kwa mkono na kulichungulia jicho la mgonjwa kwa darubini. Mtoto akizubaa, alimwona. Akichoka, alingoja. Miaka ya 1970 kompyuta ikaanza kuichukua kazi hiyo, tukapata vipimo vinavyofanana kila mara na hesabu ambazo mkono hauwezi. Lakini yule mtu mwenye darubini akaondoka kwenye kiti chake, na kwa watoto pengo lake halijazibika. Hata takwimu ambazo mashine maarufu ya Humphrey inazitumia kusema hiki ni cha kawaida na hiki sicho, zilikusanywa kwa watu wazima. Mtoto wa miaka tisa analinganishwa na baba yake.

Wenzetu wanajaribu njia nyingine. Kule Edinburgh walitengeneza kipimo ambacho hakina kitufe kabisa. Mtoto anakaa mbele ya skrini, kamera inafuata macho yake, na kila mwanga unapotokea anaruhusiwa kufanya kile kile ambacho bakuli linamkataza: kuukimbilia. Macho yakiruka kuelekea mwanga, kompyuta inajua umeonekana. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Mtu fulani aliwatazama watoto vizuri, akaacha kupigana na tabia yao.

Mshikaji wangu mmoja, daktari, nilimweleza haya yote akaniambia, "Kaka, nchi hii madaktari wa macho ni wa kuhesabu, watoto hawana hata miwani, wewe unaleta habari za uwanja wa kuona?" Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza. Tena kazi ya miwani ina mafanikio ya kujivunia. Jirani zetu Kenya, Trans Nzoia, walimu wa shule za msingi walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu ya mkononi, mpango wa Peek, na ulifanya kazi. Lakini simu ile nayo inauliza swali la E.

Na hii si anasa ya Ulaya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam walianza kuwaona vijana waliofifia macho yote mawili, miwani haiwasaidii, rangi zimepauka. Mwaka 1998 jarida la British Journal of Ophthalmology likachapisha uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule za msingi za jiji hilo hilo. Wale shimo lao lilikuwa katikati ya uwanja wa kuona, kinyume kabisa na mpwa wangu, mishipa ya macho ikiwa imeharibika. Mwaka 2011 utafiti mwingine ukauhusisha ugonjwa huo na upungufu wa foleti mwilini na moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Cuba walipata balaa la kufanana na hilo miaka ya 1991 hadi 1993, watu zaidi ya elfu hamsini, na dunia nzima ikasikia. La kwetu wangapi mlishawahi kulisikia? Mimi nimeishi Dar miaka kumi na moja, nimesikia habari za mtoto wa jicho mpaka nimezikariri. Za jicho la mtoto, hapana.

Kwa hiyo nikimjibu mshikaji: siombi bakuli jeupe kila wilaya. Naomba yule daktari wa Tabora na kidole chake. Anayezunguka shuleni na chati ya E anaweza kufundishwa kuvuta kiti, kukaa magoti kwa magoti, kusema tazama pua yangu. Kidole hakitapata kila kitu, nakubali. Kinakamata upotevu mkubwa, kama nusu nzima. Presha ya macho inayoanza kula pembeni taratibu, uvimbe unaoanza kubana mishipa, au mtoto wa kifafa anayetumia vigabatrini, dawa inayoweza kupunguza uwanja wa kuona bila mwenyewe kujua, hao wanahitaji mashine, na kuirudia mara kwa mara ili kulinganisha. Ndiyo maana nataka mashine chache tulizonazo ziwatendee haki watoto wanaofika mbele yake, hasa waliosafiri kutwa kucha kutoka Tabora. Kreti la soda lipo kila hospitali. Mama aruhusiwe kuingia. Mtoto aambiwe, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba vingine havionekani na si kosa lake. Jaribio la kwanza lihesabiwe kuwa la kujifunzia, maana watoto wengi wa miaka saba, nane na kuendelea wanaiweza kazi hii wakipewa mazoezi na muda.

Na yale maneno matatu yatoke kwenye mafaili. Kama kipimo kimeshindikana, andika kimeshindikana, andika na sababu: alichoka, aliogopa, hakuelewa. Kwa sababu faili linatembea. Daktari wa mwakani atalifungua, atasoma mtoto hana ushirikiano, na atakuwa ameshamjua mtoto kabla hajamwona. Shuleni tayari alikuwa na jina la namna hiyo.

Kilichopotea hakirudi, walituambia wazi. Ila mwalimu alipoonyeshwa zile karatasi alikaa kimya muda mrefu, kisha akamhamishia mtoto upande wa kushoto wa darasa, ili ubao uangukie upande wake mzuri. Dada yangu amechora mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa wa vitabu vyake, na mtoto kabla ya kusoma anautafuta kwanza ule wekundu, ndipo anaanza. Anasoma taratibu, lakini Baba sasa anaonekana kwenye sentensi. Barabarani anageuza shingo kama bundi. Kwenye chandimu ameomba kuhamia winga ya kushoto, ambako kushoto kwake kuna mstari tu na hakuna wa kumpita.

Mwakani tunarudi kupimwa. Juzi alinipigia kwa simu ya mama yake.

"Mjomba, wale vimulimuli wa kushoto walikuwepo kweli, au nesi alinidanganya?"

Nikamwambia walikuwepo.

"Wengi?"

"Sawa na wa kulia."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza Simba wanacheza lini.